Koti Lenye Jina la Gu

Dalian, 18 Februari 2024

Baba Mkubwa Shen,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini kifua kimepungua kukubana, na kwamba yule muuguzi mkali bado anakunyima sigara. Najua husomi ujumbe wa simu, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama ulivyonifundisha, ingawa mume wangu ananicheka. "Mke wangu bado anaishi enzi za stempu," anasema.

Nina jambo la kukuuliza, na simjui mwingine aliyewahi kusoma Kijapani kulekule kwao huku akitafuta kibarua. Mwanangu Yichuan ana miezi mitano sasa huko Fukuoka. Asubuhi yuko darasani, mchana anazunguka kutafuta kazi. Amepita migahawa kumi na moja. Mmoja walimtaka asome kwa sauti orodha ya vyakula iliyobandikwa ukutani, akakwama kwenye mstari wa tatu, wakamshukuru na kumwinamia mpaka mlangoni. Mwingine aliupigia simu akiwa ameandika maneno yake yote kwenye karatasi. Aliyepokea akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi, naye akakata simu. Anaona haya hata kunisimulia.

Mwishowe amepata saa chache za kuosha vyombo. Sasa mwanafunzi mwenzake, kijana wa Shandong aitwaye Luan, anakwenda nyumbani kwa mwezi mmoja. Luan ana nafasi kwenye kiwanda cha vyakula vya boksi, na asipoacha mtu wa kuishika ataipoteza. Amemwambia Yichuan aende badala yake: apige kadi ya Luan, avae vazi la Luan, aitike akiitwa Luan. Mle ndani wote wana kofia na barakoa, yanaonekana macho tu. Na kwa kuwa saa zitaandikwa kwa jina la Luan, Yichuan hatavuka zile saa ishirini na nane ambazo sheria inamruhusu mwanafunzi kwa wiki.

Mimi naona ni msaada wa rafiki kwa rafiki. Wewe unaonaje? Nimwambie akubali?

Sikukuu ya kufagia makaburi inakaribia. Mwaka huu pia sitakwenda Suzhou. Ami yangu bado anasema muuaji hatalala kwenye kaburi la wazazi wake, nami sijawahi kumbishia. Majivu ya Baba yako palepale, nyumba ya kuchomea maiti, rafu namba 2217. Miaka kumi na sita sasa.

Binti yako,
Peiyun


Shanghai, 26 Februari 2024

Mwanangu Peiyun,

Akatae. Mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Ukishamwambia, rudi usome yaliyobaki, maana mzee hawezi kusema neno moja tu akaishia hapo.

Mwaka 1988 mimi na baba yako tulilala chumba kimoja na Wachina wenzetu wanne, pembezoni mwa Tokyo. Mtu akigeuka usingizini, wote tuligeuka. Asubuhi tulikuwa darasani tukirudia sentensi kama kasuku, mchana tulipita duka kwa duka. Mimi mwalimu wa jiografia wa miaka thelathini na minane, baba yako fundi wa mashine za kufuma, tukimwinamia mvulana mwenye ufagio na kumwomba aulize kama tajiri wake anahitaji mtu. Shanghai walikuwa wanavumisha kwamba sisi tulioko Tokyo tunalipwa vizuri kwa kubeba maiti. Siku moja miguu yote ilikuwa malengelenge, baba yako akakaa kwenye ngazi za stesheni akasema, "Kaka Shen, tukiulizie hicho kibarua cha maiti. Angalau maiti haitatuambia Kijapani chetu kibovu."

Gu alikuwa hivyo. Aliweza kukuchekesha ukiwa na njaa.

Akapata kazi kwenye ghala la samaki wa kugandishwa, karibu na bandari. Mimi nikapata kuosha bakuli za tambi jioni. Na sisi tulikuwa na desturi hiyohiyo ya Luan. Tuliiita kuvaa koti la mtu. Ukiugua, au ukiwa na mtihani, mwenzako anavaa koti lako la kazi lililoshonwa jina lako kifuani, anapiga kadi yako, anaitika jina lako. Bosi hajui wala hajali. Kwake sisi sote tulikuwa mtu mmoja mwenye mikono mingi.

Sote tuliona ni msaada wa rafiki kwa rafiki, kama uonavyo wewe. Lakini sikiliza: anachokifanya mtu ndani ya koti hubaki kwenye koti.

Siwezi kuandika zaidi. Mashine ya hewa inalia kila nikiinama mezani.

Baba Mkubwa wako,
Shen Rukang


Dalian, 4 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Barua yako imechelewa. Yichuan alikuwa ameshaanza kazi siku nne kabla haijafika. Nilimpigia, akasema, "Mama, siwezi kumwacha Luan njiani. Nimeshampa neno langu."

Sasa nina hofu ambayo siwezi kumwambia hata mume wangu, kwa hiyo naimimina hapa.

Kuna msimamizi pale anayewasukumia toroli visiginoni. Kila siku anamgonga Yichuan palepale mpaka soksi inagandamana na kidonda. Anamwambia, "Luan, umeoza masikio? Luan, nyumbani kwenu mnafundishwa na mbwa?" Juzi mtoto kaniandikia maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Mama, leo nilikuwa na kisu cha kukatia maboksi. Nilimwangalia shingoni. Nilihesabu hatua, zilikuwa tano. Nikawaza, akianguka wataandika jina la Luan."

Nimesoma mistari hiyo nikaona giza. Hiyo ni damu ya babu yake.

Hujui yote kuhusu mimi na Baba. Alipotoka gerezani nilikuwa na miaka kumi na mitano. Miaka minane shuleni nilikuwa "mtoto wa muuaji". Kulikuwa na msichana aliyekuwa akichora nyundo kwenye dawati langu kila Jumatatu. Mimi nilimvunja pua, wakasema, "Mnaona? Mnaona?" Kisha siku moja Baba akasimama mlangoni, mwembamba, na mfuko wa machungwa, na neno la kwanza alilonitamkia halikuwa jina langu. Alisema, "Sikumuua yule mtu." Nilikuwa nimeshika chupa ya maji moto. Nilimrushia. Ilimpasukia begani na shingoni. Hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuokota vipande vya chupa nisije nikajikata, na ngozi ya shingo yake ilikuwa inabanduka.

Jumapili ile nilikuja kwako. Nilikuuliza, "Baba Mkubwa, anasema kweli?" Ukaniambia, "Baba yako ni mtu mwema. Hasira humshinda hata mtu mwema." Nimeishi kwa maneno hayo. Kwa ajili ya maneno hayo sikumwita tena mwongo usoni. Nilinyamaza tu, miaka kumi na mmoja, mpaka akafa.

Sasa nakuomba. Wewe ulikuwa naye. Niambie siku ile ilikuwaje, hasira ilimpandaje, alianza vipi, alishindwa wapi kujizuia. Niambie yote bila kunionea huruma, nimsomee Yichuan kwenye simu kabla hajazimaliza hizo hatua tano.

Peiyun


Shanghai, 11 Machi 2024

Peiyun,

Nimeandika barua hii kwa siku nne. Daktari anasema mapafu yangu yatanifikisha mwezi wa nne, labda. Sikutajii hilo ili unihurumie. Nakutajia ujue kwa nini mwoga amepata ujasiri: hana tena cha kupoteza, na hilo si sifa.

Umeuliza hasira ilimpandaje baba yako. Haikumpanda. Baba yako alikuwa kitandani.

Ilikuwa Alhamisi, Februari 1989. Gu alikuwa na homa siku ya pili, meno yanagongana, amejifunika mablanketi yetu yote sita. Wenzetu wanne walikuwa wametoka. Pale ghalani ukikosa siku mbili bila mtu wa kushika nafasi yako, ya tatu unamkuta mwingine. Nikamwambia, "Lala. Nitavaa koti lako." Akasema, "Tsukuda leo atakuwa na kichwa kibovu, jana timu yake ilifungwa. Ukitukanwa, jifanye hujui Kijapani. Mimi sihitaji kujifanya." Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka pamoja.

Tsukuda alikuwa msimamizi. Mtu mfupi, shingo nene, mikono mifupi. Ndani ya ghala ni baridi ya kuua. Unavaa koti zito, kofia inayofunika masikio, barakoa, glavu. Samaki huja wameshikana kama tofali, unawatenganisha kwa nyundo ya mti. Tsukuda alikuwa na kulabu ya chuma ya kuvutia masanduku, na mpini wake ndio uliokuwa mdomo wake. Saa tisa alinipiga mbavuni kwa sababu nilipanga masanduku kinyume. Saa tisa na nusu alinipiga palepale. Karibu na saa kumi alimwaga ndoo ya maji juu ya glavu zangu, katika baridi ile, akasimama kuangalia zinavyoganda. "Gu," akasema, "wewe na ndugu zako mmekuja huku kula tu. Fanya kazi hivyo hivyo." Vidole vyangu vilianza kuungua, kisha sikuvisikia tena. Nikazivua glavu, ngozi ikatoka nazo. Yeye alikuwa anacheka. Akanichoma kwa ncha ya kulabu hapa chini ya bega, si kwa nguvu, kama mtu anayeangalia kama nyama imeiva.

Nilimpiga kwa nyundo.

Pigo la kwanza lilikuwa la kujitetea, naweza kuapa mbele ya yeyote. Lilimpata tayani, nikasikia taya linavunjika, akapiga magoti. La pili lilikuwa la hasira. Lilimpata kichwani juu ya sikio, naye akalala kifudifudi, miguu inacheza. Angeweza kupona, labda. La tatu nililipiga kwa sababu nilitaka. Niliinua nyundo juu kabisa kwa mikono yote miwili, nikavuta pumzi, nikalenga. Damu kwenye baridi ile haikutiririka. Ilifuka moshi, kisha ikasimama.

Peiyun, usiogope damu ya Gu iliyomo ndani ya mwanao. Mwaka 1966, wanafunzi tulipochochewa kuwashambulia walimu wetu, nikiwa na miaka kumi na sita nilimpiga mwalimu wangu wa fizikia, Mwalimu Dai, kwa mkanda, kwa upande wenye kifungo cha chuma, mbele ya shule nzima, mpaka jicho lake la kushoto likazimika. Watu walinipigia makofi. Mkono wangu ulikuwa unaijua njia. Mkono wa baba yako ulijua kufuma tu.

Wanawake wawili wazee waliokuwa wanafunga masanduku upande wa pili waliliona koti. Waliona jina. Nililivua pale pale, nikalitupa juu ya Tsukuda, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikiwa na shati langu.

Gu alikuwa macho niliporudi. Nilimweleza. Akauliza, "Amekufa?"

"Amekufa."

"Na koti?"

"Liko naye."

Akafunga macho. Nilidhani amezimia. Akasema, "Kesho nikiweza kusimama, tutakwenda wote kituoni. Utawaambia ulichofanya na alichokufanyia. Onyesha mikono yako. Mimi nitasema ni mimi niliyekutuma, wakupunguzie."

Hivyo ndivyo alivyosema mtu mwenye homa, katika chumba kile. Nakuapia.

Asubuhi nilitoka mapema, nikamwachia uji. Nilivifunga vidonda vya vidole vyangu kwa kitambaa, nikavaa glavu za sufu. Nilijiambia nakwenda shuleni kuomba ruhusa. Polisi walifika chumbani kabla hajashuka kitandani. Na sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, Peiyun, kwa maana kuua siyo jambo lenyewe.

Kijapani cha Gu kilikuwa kidogo. Kituo kile kilikuwa kidogo pia, hakikuwa na mkalimani wa Kichina, na wa mjini angefika jioni. Wakaipigia simu shule yetu. Mkuu wa shule akaingia darasani akatafuta kwa macho, akasema, "Shen, wewe ndiye bora wetu. Rafiki yako yuko matatani. Nenda ukamsaidie kuzungumza."

Niliingia katika chumba kile. Gu alikuwa amefungwa kamba kiunoni, blanketi mabegani, midomo imepasuka kwa homa. Aliponiona alitabasamu. Alidhani nimekuja kusema.

Ofisa akauliza. Gu akajibu kwa Kishanghai, maneno marefu, akinitazama machoni muda wote. Alisema hakuwa yeye. Kisha ofisa akanigeukia na kalamu yake, nami nikafungua mdomo. Kwa mwaka mzima sikuwahi kuzungumza Kijapani mbele ya mwenye cheo bila ulimi kunitetemeka. Siku hiyo haukutetemeka. Nilisema: "Anasema msimamizi alimtesa, akashikwa na hasira. Anasema anajuta."

Wakaandika. Wakaleta karatasi na wino mwekundu. Gu akaniuliza, "Wameandika nilivyosema?" Nikamwambia, "Ndiyo. Weka kidole hapa, upate dawa." Akaweka kidole.

Nilipanda ndege siku ya tisa. Niliaga shuleni kwamba mama yangu anaumwa. Mama yangu alikuwa mzima, alikuwa sokoni. Mahakamani Gu alikana kila kitu kupitia mkalimani wa kweli, akataja jina langu, nao wakamsomea karatasi yenye kidole chake. Wanawake wale wawili wa ghalani walisema waliloliona, yaani koti. Kukana kwake kukahesabiwa kuwa ukaidi. Aliniandikia mara tatu kutoka gerezani. Nilizichoma zote jikoni bila kuzifungua.

Zile Jumapili zote nilizokufundisha, ramani, mito, milima, ulidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Lakini kila ulipoinamisha kichwa kwenye daftari nilikuwa naona shingo yake. Na ulipokuja siku ile ya machungwa na chupa, ukaniuliza kama anasema kweli, ulinipa mlango wa pili, wazi kabisa, na mtoto wa miaka kumi na mitano amesimama akiushika. Nikaufunga.

Sina sababu bora kuliko woga. Nimeitafuta miaka thelathini na mitano, nikiwa mtu niliyesoma, na sikuipata.

Msomee Yichuan. Mwambie avue koti hilo.

Shen Rukang


Dalian, 19 Machi 2024

Bwana Shen,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni. Nilipomaliza nilivunja sahani zote za kabati la juu, moja moja, kisha za kabati la chini. Mume wangu alirudi akanikuta nimekaa juu ya vigae. Akauliza, "Wezi?" Nikamwambia, "Ndiyo."

Nataka ujue nilichokifikiria. Treni ya kuja Shanghai inaondoka saa mbili asubuhi. Nilifikiria kuja, nimtoe yule muuguzi wako nje, nifunge mlango, nichomoe bomba la hewa puani mwako, nikae kitini pale unaponikalisha siku zote niangalie. Nilinunua tiketi. Nilifika stesheni na nikapanda, nikakaa kwenye nafasi yangu karibu na dirisha. Dakika mbili kabla ya kuondoka nikaona mikono yangu juu ya magoti. Nikakumbuka hii ndiyo iliyorusha chupa. Nikashuka. Usinishukuru. Sikushuka kwa ajili yako.

Hukuniambia tu uongo, Bwana Shen. Ulinifanya niwe mkono wako. Ulimpiga Tsukuda mapigo matatu. La nne ulilipiga kupitia kwangu, na lilimpata Baba.

Nilimsomea Yichuan yote kwenye simu. Nilipomaliza akauliza, "Babu aliokota vipande vya chupa?" Nikasema ndiyo. Kesho yake alikwenda kwa meneja wa kiwanda, akavua barakoa, akasema, "Jina langu si Luan." Wamemfukuza, na Luan amepoteza nafasi yake, na amemwita msaliti. Kisigino kinapona. Sasa anasugua sakafu ya bafu la umma, saa chache, kwa jina lake mwenyewe, na bibi mwenye bafu analitamka vibaya kila siku.

Nilimpigia ami. Nikamweleza. Akaguna, akasema, "Maneno ya mgonjwa. Atakayelala na wazazi wangu ni yule tu ambaye nitaona karatasi yake. Yeye alihukumiwa kwa karatasi, arudi kwa karatasi." Ni mtu mgumu, lakini safari hii amesema sawa.

Kwa hiyo sitaki machozi yako wala sitaki uniombe radhi. Nataka kazi. Unadai ulikuwa bora wao. Uliitwa kutafsiri, na hukutafsiri. Umeniandikia kwamba Baba alisema "maneno marefu", kisha ukayafupisha tena, hata kwangu, hata sasa ukiwa unakufa: "Alisema hakuwa yeye." Mtu aliyekuwa na homa hakukutazama machoni muda wote huo ili aseme maneno matatu.

Yaandike yote, kama alivyoyasema. Kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kijapani, kama ambavyo ungepaswa kumwambia yule ofisa. Weka kidole chako kwa wino mwekundu. Nakala moja iende kwa ami, moja kwangu, moja kwa kituo kile. Na kama Tsukuda aliacha mtu, kwake pia. Nao miaka yote hii wamemchukia mtu asiyewakosea.

Tarehe nne Aprili nitalitoa sanduku la majivu kwenye rafu 2217. Karatasi iwe imefika.

Gu Peiyun


Shanghai, 27 Machi 2024

Binti ya Gu,

Nakala zote nne zimeondoka leo kwa mkono wa muuguzi, ameniahidi atazituma mbele ya macho ya karani. Tsukuda aliacha mke na msichana. Sijui kama wako hai. Nimetumia anwani iliyokuwa kwenye gazeti la wakati ule, nimeitunza bila kujua kwa nini.

Uliyosema ni kweli. Nilimfupisha tena. Kuna sehemu ambayo sikuwahi kuirudia hata kichwani, maana ningeweza kuvumilia kuwa nilimsaliti mtu aliyekuwa ananishtaki. Hakunishtaki.

Ile ya Kijapani imeandikwa polepole, nami nimeikagua kwa kamusi na haina kosa. Hapa nakuwekea maneno yenyewe, kwa lugha ya kichochoro chetu, alivyoyasema tarehe 17 Februari 1989, saa nne asubuhi, mbele ya ofisa mmoja na mimi.

"Mimi Gu Zhaolin nilikuwa kitandani jana kutwa nzima. Nina homa, nishikeni paji la uso mtajua. Koti ni langu, jina ni langu, kadi ni yangu, na mtu aliyekuwa ndani ya koti alikwenda kwa sababu yangu, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu na sitaikimbia. Lakini sikumpiga yule mtu. Sitamtaja aliyempiga. Si kwamba namficha. Ni ndugu yangu na ni mtu aliyesoma, na atataka kujitaja mwenyewe, itakuwa bora kwake akijitaja. Mpeni dakika chache. Nina msichana wa miaka saba nyumbani. Nilimwambia nakuja kujifunza lugha. Nataka nikirudi nimwambie kwamba mikono yangu ni misafi na ndugu yangu alisema kweli. Haya, Kaka Shen. Nimemaliza. Mweleze."

Hapo ndipo ofisa aliponigeukia na kalamu yake.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Hakuna neno nililoongeza, wala nililopunguza.

Mfasiri,
Shen Rukang
(kidole gumba cha kulia, wino mwekundu)